Neno "Presha" na Maana Zake: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Wagonjwa wa Rungwe

Dereva wa lori la ndizi anayejiandaa kutoka Tukuyu kuelekea Uyole huuliza kama tairi zake zina presha ya kutosha. Mama anayepika maharage husifu sufuria la presha kwa kuokoa kuni. Mwanafunzi wa kidato cha nne husema mtihani unampa presha, na mtangazaji wa mpira husema timu ya ugenini inacheza chini ya presha. Bibi aliyeketi kwenye benchi la kliniki naye husema ana presha. Wote hao wametumia neno moja, na kila mmoja ameeleweka vizuri na jirani yake. Ugumu huanza bibi anapoingia chumba cha daktari, kwa kuwa humo ndani neno hilo lina maana moja tu, inayopimwa kwa namba, na mara nyingi hakuna anayemweleza hivyo.

Makala haya yanachambua neno hilo, asili yake na namna linavyotumika, kwa sababu mgonjwa na mhudumu wanapolitumia kwa maana mbili tofauti, tofauti hiyo inaweza kuishia kwenye kiharusi, upofu, au kifo cha mama mjamzito.

Asili ya neno

"Presha" ni neno la Kiingereza "pressure", ambalo nalo lina mzizi katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kubana au kukandamiza. Lilipita katika Kifaransa cha zamani, ambako lilihusu pia chombo cha kukamulia zabibu. Lilipoingia katika Kiingereza, karne ya 14, halikuhusu hewa wala damu. Maana yake ya mwanzo ilikuwa dhiki, uchungu unaoukandamiza moyo wa mtu. Maana ya kisayansi ilikuja baadaye, katika karne ya 17, zama za Evangelista Torricelli, Mwitaliano aliyeonyesha mwaka 1643 kwamba hewa ina uzito unaotosha kuinua zebaki ndani ya bomba la kioo. Ndiyo maana hadi leo presha ya damu hutajwa kwa milimita za zebaki, hata pale ambapo kipimo ni cha betri na hakina tone la zebaki ndani yake.

Mwaka 1733 Stephen Hales, kasisi wa Uingereza, alichapisha taarifa ya jaribio lake la kuingiza bomba katika mshipa wa farasi. Damu ilipanda ndani ya bomba hilo zaidi ya futi 8. Kwa binadamu njia hiyo isingefaa. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1896, Scipione Riva-Rocci wa Italia alipotengeneza mkanda wa kufunga mkononi na kuujaza hewa, na mwaka 1905, daktari wa Kirusi Nikolai Korotkov alipoeleza sauti zinazosikika mkanda unapolegezwa. Tangu hapo muuguzi yeyote mwenye mkanda na kifaa cha kusikilizia anaweza kuipima presha ya damu bila kumtoboa mtu.

Kiswahili, kwa upande wake, hakikukosa maneno. Pengine kilikuwa nayo mengi kupita kiasi. Wanafunzi wa fizikia wana "kanieneo". Watabiri wa hali ya hewa husema "mgandamizo wa hewa". Fundi bomba huzungumzia msukumo wa maji, na fundi wa tairi huuliza tu kama upepo unatosha. Madaktari walichagua "shinikizo la damu", na uchaguzi huo una uzuri wake, kwa kuwa shinikizo lilikuwa pia jina la chombo cha kukamulia mafuta. Mswahili na Mfaransa wa kale, bila kujuana, walianzia mahali pamoja: kwenye kinu. Hata hivyo watu walichukua "presha", kwa kuwa ni fupi na ilikuwa tayari midomoni mwao. Ng'ambo ya mto Songwe, Malawi, wengi hutumia herufi mbili tu, BP, na herufi hizo zinasikika pia upande huu. Hakuna sababu ya kupigana na neno ambalo watu wamekwisha kulipokea. Kazi iliyopo ni kujua linabeba nini.

Presha ya hewa si presha ya damu

Tukuyu iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Mlima Rungwe kinakaribia mita 3,000. Kadiri mtu anavyopanda juu, hewa iliyo juu yake hupungua na mgandamizo wake nao hupungua. Ndiyo maana maji ya Tukuyu huchemka kwenye nyuzijoto kama 95, si 100 kama Dar es Salaam, na maharage ya Tukuyu huchelewa kuiva. Sufuria la presha hufunga mvuke ndani, mgandamizo ukaongezeka, maji yakawa ya moto zaidi kabla ya kuchemka. Na abiria anayeteremka kutoka Tukuyu kwenda Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, husikia masikio yakiziba kwa sababu hewa inazidi kuwa nzito njia nzima.

Je, presha ya damu nayo hupanda mtu anapoteremka Kyela? Hapana, si kwa sababu hiyo. Mkanda wa presha hupima ni kiasi gani damu inasukuma zaidi ya hewa iliyouzunguka mwili. Ni kama kipimo cha tairi: tairi iliyopasuka husoma sifuri ijapokuwa imejaa hewa ya kawaida. Baridi ndiyo inayoweza kuchangia kidogo, kwa kuwa mishipa ya damu hujikunja mtu anaposikia baridi, na miezi ya Juni na Julai wakazi wa Rungwe wanaifahamu vizuri. Lakini mgonjwa asiache dawa kwa kuwa amehamia bondeni kwenye joto.

Jambo lingine la milima lina uzito zaidi. Mtu aliyepanda kilima kwa miguu kufika kliniki, pengine na mtoto mgongoni, huwa na presha ya juu kwa muda. Apumzike kwa dakika 5 akiwa ameketi, mgongo umeegemea kiti, nyayo zote mbili zikigusa sakafu, mkono ukiwa wazi na kuwekwa usawa wa moyo. Awe amekwenda haja ndogo. Asizungumze wakati wa kupimwa, na muuguzi naye asimsemeshe. Ndani ya nusu saa iliyotangulia asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa au chai, sharti ambalo katika wilaya inayolima chai kama hii linahitaji kusemwa waziwazi. Apimwe mara mbili, kwa kupumzika dakika moja au mbili katikati, na kwa kawaida apimwe tena siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa.

Kupanda na kushuka

Kiingereza hueleza presha kwa sifa: iko juu, au iko chini. Kiswahili cha mitaani huieleza kwa vitenzi vya mwendo: imepanda, imeshuka. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo mzizi wa kutoelewana kukubwa kuliko kote. Kitu kilicho juu kinaweza kukaa huko miaka 20. Kitu kilichopanda kimepanda leo, na kesho kitashuka, kama mtu anayekwenda shambani mlimani na kurudi jioni. Mgonjwa aliyeambiwa "presha yako imepanda" ameelezwa tukio. Daktari alikusudia kumweleza hali.

Mazungumzo ya namna ifuatayo yanaweza kutokea katika kliniki yoyote:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Unaendelea na dawa za presha?"

"Aa, nilishaacha. Mwezi ule mlinipima hapahapa, mkaniambia presha imeshuka. Sasa nikiendelea kunywa dawa ya kuishusha, si itashuka mpaka nianguke? Jirani yangu ana hiyo ya kushuka, na ni mbaya kuliko hii ya kwangu."

Muuguzi anapima. Kipimo kinaonyesha 182 kwa 104.

Mama huyo hakukosea hata mahali pamoja katika hoja yake. Aliambiwa imeshuka, na kitu kilichoshuka hakihitaji kushushwa. Anajua pia kwamba mtaani kuna magonjwa mawili, presha ya kupanda na presha ya kushuka, na anaogopa kutoka katika moja na kutumbukia katika jingine. Kosa limo katika maneno aliyopewa. Iwapo angeambiwa, "Mama, ugonjwa bado upo, ila dawa inaushikilia, ukiacha dawa utarudi palepale," angekuwa na hoja nyingine kabisa.

Anachokiita "presha ya kushuka" nacho kinahitaji kufafanuliwa. Mtu mwenye afya anaweza kuwa na presha ya 90 kwa 60 maisha yake yote bila dhara lolote. Presha inaposhuka na kumletea mtu kizunguzungu, mara nyingi ni dalili ya jambo jingine: kuharisha na kupungukiwa maji, kutokwa na damu, maambukizi makali, au dawa zilizozidi kipimo. Tena si kila kizunguzungu ni presha. Upungufu wa damu, malaria na sukari kuwa chini huleta hali ileile. Mtu mwenye kizunguzungu anaposhauriwa na jirani alambe chumvi, naye kumbe ana presha ya juu asiyoijua, ameongezewa mzigo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa chumvi yote, ya mboga, ya mkate na ya mezani.

Mgonjwa anayesikia kizunguzungu akiwa kwenye dawa asiziache. Arudi apimwe akiwa ameketi au amelala, kisha apimwe tena ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya kwanza ikipungua kwa 20 au zaidi, au ya pili kwa 10 au zaidi, daktari atabadilisha kipimo cha dawa au aina yake.

Ipi ya juu, ipi ya chini?

Lipo tatizo ambalo wahudumu wenyewe hulitengeneza. Presha huandikwa kwa namba mbili. Ya kwanza ni nguvu ya damu moyo unaposukuma; ya pili ni nguvu inayobaki moyo unapotulia kati ya pigo na pigo. Katika vituo vingi ya kwanza huitwa "presha ya juu" na ya pili "presha ya chini". Sasa mgonjwa anaambiwa, "Presha yako ya chini iko juu." Daktari aliyesoma miaka mingi anaielewa sentensi hiyo, mkulima wa parachichi hawezi kulaumiwa akitoka nje akidhani ana magonjwa yote mawili kwa pamoja. Ni bora kusema "namba ya kwanza" na "namba ya pili", na kumwandikia zote mbili katika daftari lake. Kwa mtu mzima, presha ya 140 kwa 90 au zaidi, ikithibitishwa kwa siku tofauti, huhesabiwa kuwa ya juu. Inatosha namba moja tu kati ya hizo kuvuka mpaka.

Presha ya mawazo

"Usinipandishe presha," mzazi humwambia mtoto mtukutu. "Amekufa kwa presha," husemwa msibani juu ya mtu aliyeanguka ghafla baada ya habari mbaya. Katika matumizi haya presha ni mawazo, hasira, hofu au huzuni. Wahudumu wengine huyacheka, na hapo hukosea. Anayesema hivyo analitumia neno kwa maana yake kongwe kuliko zote, ile ya dhiki ya moyo, iliyotangulia sayansi kwa zaidi ya karne mbili. Mtu anayesema ana presha huenda anaomba msaada kwa sababu ya msiba, deni au ugomvi wa ardhi, na kipimo cha 118 kwa 76 hakimalizi shida yake. Aulizwe analala vipi na nyumbani kukoje.

Ni kweli kwamba hasira na hofu hupandisha presha ya damu kwa muda. Lakini presha inayokaa juu mwaka hadi mwaka kwa kawaida haina chanzo kimoja. Huchangiwa na umri, urithi, chumvi, unene, pombe na kutoushughulisha mwili, na kwa wachache ugonjwa wa figo au wa tezi. Mtu mpole asiye na neno na mtu anaweza kuwa nayo, na kwa kawaida haimpi dalili yoyote. Anayeamini kwamba presha yake ni ya mawazo atakunywa kidonge siku aliyokasirishwa, na siku ya amani atakiacha kabatini. Vidonge kama amlodipini havikutengenezwa kwa kazi hiyo. Hufanya kazi vikinywewa kila siku, na athari yake kamili huonekana baada ya siku kadhaa.

Imani hii si ya Rungwe peke yake, wala si ya Afrika peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwanaanthropolojia Suzanne Heurtin-Roberts alichapisha utafiti juu ya wanawake Wamarekani wenye asili ya Afrika huko New Orleans. Wengi wao walitenganisha maradhi mawili: moja la damu, linalotokana na urithi na chakula, na jingine la mishipa ya fahamu na hasira, linalopanda na kushuka ghafla. Walioamini hivyo walikuwa wagumu zaidi kufuata dawa. Chanzo kimoja ni jina lenyewe. Neno la kitaalamu la Kiingereza kwa ugonjwa huu, "hypertension", likisikilizwa kama lilivyo, linasikika kama "wasiwasi uliozidi". Kwa hiyo wenye lugha yao wenyewe wamenaswa na mtego uleule.

Presha ya macho

Jicho lina majimaji ndani yake, na majimaji hayo yana presha yake, kwa kawaida kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Ikizidi, mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo huweza kuharibika taratibu, na uoni uliopotea haurudi. Kuna wanaopata madhara hayo hata presha ya jicho ikiwa ya kawaida, ndiyo maana daktari wa macho huuchunguza mshipa wenyewe, haridhiki na namba. Mgonjwa aliyeambiwa ana "presha ya macho" asidhani vidonge vyake vya presha ya damu vinatosha. Dawa zake ni za matone, kila siku, na mkanda wa mkononi hausemi lolote kuhusu jicho.

Presha ya mjamzito

Hapa neno lina hatari kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa muda wa kurekebisha kosa huhesabiwa kwa saa.

Mjamzito aliyepita wiki 20, ambaye presha yake imefika 140 kwa 90 na mkojo wake una protini, ana ugonjwa unaotokana na kondo la nyuma. Hautokani na ugomvi wa nyumbani wala mawazo ya mume aliye safarini. Akiambiwa tu, "Presha imepanda kidogo, mama, usiwaze sana," atarudi nyumbani na kufanya alichoagizwa: atajitahidi kutowaza. Maumivu ya kichwa yakianza atayahesabu kuwa ni mawazo. Macho yakiingia ukungu atalala kidogo. Maumivu ya juu ya tumbo, upande wa kulia chini ya mbavu, atayaita kiungulia. Degedege ikija, ndugu watasema ni kifafa, na kwa kuwa kifafa kina mambo yake, wengine watamtafuta mganga kabla ya kutafuta gari. Jina "kifafa cha mimba" haliwasaidii. Huu si kifafa cha kuzaliwa nacho, hakiambukizi, na mama akipona kwa kawaida hakimfuati maisha.

Katika vijiji vya mbali vya wilaya hii, kwa mfano huko Mwakaleli, wakati wa mvua njia ya kuifikia hospitali inaweza kuchukua muda mrefu, na Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Hivyo maagizo hutolewa mapema, mama akiwa bado mzima, na yanatolewa mbele ya mume au mama mkwe, wale watakaotafuta usafiri. Muuguzi anaweza kusema hivi:

"Mama, presha hii imeletwa na mimba. Haikuletwa na mawazo, na kupumzika peke yake hakutaiondoa. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, tumbo likiuma hapa chini ya mbavu, au uso na mikono vikivimba ghafla, usingoje asubuhi. Njoo usiku huohuo. Sasa niambie mwenyewe: ukiona nini utakuja?"

Swali la mwisho lisiachwe. Mama akijibu, "Nikiwa na mawazo mengi," maelezo yaanze upya, kwa utulivu na bila kumkaripia. Akizitaja dalili, aandikiwe tarehe ya kurudi. Zahanati inayomwona akiwa na dalili za hatari impe dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti kabla ya rufaa, kwa mujibu wa mwongozo, kwa kuwa dawa hiyo huzuia degedege akiwa njiani. Tiba kamili ni kujifungua. Hata hivyo degedege inaweza kutokea baada ya mtoto kuzaliwa, hasa katika saa 48 za kwanza, kwa hiyo mama asiruhusiwe kurudi nyumbani kwa sababu tu mtoto analia vizuri; apimwe kwanza, na apimwe tena atakapomleta mtoto kliniki.